Mwanangu, ile jezi uliyoikata

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, 14 Julai 2024

Mwanangu mpendwa,

Hujambo baba? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah, ila kibaridi cha Julai kinatuonea asubuhi na mafua hayataki kuniacha. Mdogo wako anakusalimu. Jirani pia, yule wa mihogo, anakukumbusha kwamba hukumuaga.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Nikisema neno moja wewe umeshasema matatu, mara salio limekata, kila mtu anabaki na hasira zake. Mdogo wako atazipiga picha hizi karatasi akutumie moja moja. Soma taratibu. Usiruke, nitajua.

Jumatatu asubuhi, wewe umeshapanda treni yenu mpya kurudi Morogoro, nilijaza ndoo nipige deki barazani kabla wateja hawajaanza kuja. Nikainama kuvuta dekio, naona jekundu. Nikalikunjua. Ni jezi yangu. Ile ya 17, yenye SportPesa kifuani, uliyoninunulia mwenyewe kwa mshahara wako wa kwanza. Umeikata kwa mkasi wangu wa kazini, mkasi ambao hata karatasi siuruhusu kukata, kuanzia shingoni mgongoni mpaka chini. Mkasi umepita katikati ya namba: 1 imebaki upande mmoja na 7 upande wa pili. Vipande vyote viwili umeshavilowesha.

Sikukasirika siku hiyo. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani navitazama. Ile 7 ilikuwa imepasukapasuka tangu zamani kwa sababu niliwahi kuipiga pasi bila kuweka kitambaa juu, kosa ambalo nikimwona mwanafunzi wangu analifanya namfokea. Mteja wa kwanza alinikuta hivyo hivyo, akadhani nimepata msiba.

Naelewa. Tarehe 1 mwezi huu Yanga wametangaza kwamba Clatous Chama, yule Mzambia wetu wa Simba aliyevaa hiyo 17, ni wao, na wewe ulikuwa na siku sita za kuvimba kabla hujaja kula Saba Saba nyumbani. Kwenye grupu la familia umemwita msaliti mara nne, nimehesabu. Umesema jina lake lisitajwe tena kwako. Na mimi niliposema "lakini alitufurahisha," ukanijibu kwamba sisi wazee tunaishi kwa kumbukumbu na ndiyo maana klabu zinatuchezea.

Sasa kaa kitako nikwambie kuhusu hizo kumbukumbu.

Ijumaa hii itatimia miaka 47 tangu babu yako, huyo uliyepewa jina lake, aliponibeba mabegani kutoka nyumbani mpaka Kariakoo nikiwa na miaka saba. Ilikuwa tarehe 19 Julai 1977. Simba kaifunga Yanga 6-0. Abdallah Kibadeni peke yake kafunga matatu, Jumanne Masimenti mawili, na moja beki wa Yanga, Selemani Sanga, kajifunga mwenyewe. Mimi sikuelewa kitu. Nakumbuka Mtaa wa Msimbazi umejaa watu mpaka huoni barabara, na babu yako, mtu ambaye hakuwa na tabia ya kucheka mbele ya watoto, akicheka kwa sauti. Alikuwa mpenzi wa timu hii tangu ikiitwa Sunderland, kabla ya 1971, na mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuujua mpira kama Kibadeni. Nikimwambia, "Baba, kuna huyu kijana mpya mzuri," ananiuliza, "Amemfunga Yanga matatu siku moja?" Basi. Mjadala umefungwa. Na mpaka leo hakuna aliyeweza kumjibu.

Miaka miwili baadaye ndipo nikajua mpira una kulia pia. Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja hapa ikatupiga 4-0 katika Klabu Bingwa Afrika. Nyumbani kwetu wenyewe! Babu yako alirudi akalala bila kula. Kwenda marudiano Zambia ilikuwa kama kwenda kuaga maiti. Siku ya mechi alikataa hata kuiwasha redio, mama yake ndiye aliyeiwasha kwa ajili ya taarifa ya habari. Tukasikia Simba imeshinda 5-0 Lusaka. Thuwein Ally, hilo jina lilitajwa mpaka nikalikariri kama aya. Alifunga matatu.

Lusaka, mwanangu. Huyo unayemwita msaliti, uwanja mzima ulikuwa unamwita nani? Mwamba wa Lusaka. Babu yako angekuwa hai angekwambia Lusaka ina deni na sisi au sisi tuna deni nayo, angechagua kutegemea matokeo ya wiki hiyo.

Nikupeleke mbele kidogo. Mwaka 1993 nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaanza kushona. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, na kocha alikuwa nani kama si Kibadeni yule yule. Kule Abidjan tulitoka 0-0 na Stella. Watu wakajua kombe limeshatua, limebaki kufutwa vumbi. Nilishona vitambaa vyekundu wiki nzima, vya kufunga kichwani, vya kupeperusha, mpaka mtu alileta kanga ya mkewe nimkatie kipande chekundu. Rais Mwinyi alikwenda uwanjani. Mimi nilibaki na cherehani hapa hapa Temeke, maana kelele za Uwanja wa Taifa zilikuwa zinafika barazani kwetu bila redio. Unasikia "aaah," unajua wamekosa. Unasikia "uuuh," unajua kipa kaokoa. Halafu pakawa kimya. Kimya kile, mwanangu, sijawahi kukisikia tena. Watu maelfu kwa maelfu na husikii kitu, nasikia sindano yangu tu inavyogonga kwenye kitambaa. Kikapita, kelele zikaanza upya, kisha kimya cha pili. Stella 2, Simba 0.

Mfungaji anaitwa Boli Zozo. Yote mawili. Nenda kijiwe chochote cha kahawa hapa mjini, mtafute mzee wa Simba mwenye miaka zaidi ya hamsini, mtajie jina hilo uone atakavyoweka kikombe chini. Aliyetutoa machozi tunalo jina lake mpaka leo, sasa nashangaa wewe unataka nimsahau aliyenichekesha.

Maana pale kijiweni, hilo ndilo hukulijua kwa sababu wewe ukienda huwa unatazama simu, majina ndiyo mali. Wanayataja kama wanaovuta uradi. Na si majina ya kwenye kadi. Ukisema Abeid Mziba bila kusema Tekero watakuona mgeni. Makumbi Juma ni Homa ya Jiji. Zamoyoni Mogella ni Golden Boy. Sunday Manara ni Computer, aliyekwenda kucheza Uholanzi wakati wengi wetu hatujui Uholanzi iko upande gani, na mzee wa Yanga akifika hapo lazima akurudishe Mwanza, Nyamagana, mwaka 1974, Simba anaongoza moja, Gibson Sembuli akasawazisha, Computer akamaliza. Kila Mungu akijalia siku, anaisimulia. Wa Simba anamsikiliza mpaka mwisho kwa sababu anajua zamu yake ya 1977 inakuja. Hapo hakuna anayeuliza nani alihama wapi. Ukianza kuwachuja waliohama hutabaki na timu ya kumi na moja.

Hebu tuwachuje basi, kwa kuwa wewe ndiye umeanza.

Juma Kaseja. Ulikuwa na miaka minane mwaka 2003 tulipowatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwao Cairo. Tuliwafunga moja hapa, wakaturudishia moja kule, zikaja penalti, na kijana wetu golini akazipangua. Uliruka kitandani mpaka chaga ikavunjika, baba yako akaifunga kwa kamba ya katani ikakaa hivyo miaka miwili. Kaseja huyo huyo akaenda Yanga, akarudi kwetu, akaenda Yanga tena. Umewahi kumwita msaliti? Picha yake uliibandika kwenye daftari la hesabu.

Amissi Tambwe. Kaja kutoka Burundi, msimu wa 2013/14 akatufungia mabao 19 akawa mfungaji bora wa ligi. Tukamwacha wenyewe katikati ya msimu uliofuata, eti kashuka. Yanga wakamwokota, na msimu wa 2015/16 akafunga 21, mfungaji bora tena, safari hii wa kwao. Huyo nani kamsaliti nani?

Okwi sitaki hata kumwanza, maana nikimwanza sitafika kwenye nilichokusudia. Mganda yule alikuwa akipokea mpira pale upande wa kushoto, uwanja mzima unasimama kabla hajafanya kitu. Mwishoni mwa 2013 akaibukia Yanga. Baba yako akawanunulia soda watu wote wa kijiweni, hela ya umeme hiyo, tukakaa gizani siku mbili. Hata mwaka haukuisha Okwi karudi Msimbazi. Nilitaka nidaiwe zile soda. Akaondoka tena kwenda Denmark, akarudi tena 2017, na msimu huo akafunga 20 tukachukua ubingwa ambao tulikuwa hatujauona tangu 2012.

Hapo kwenye 2012 ndipo nilipotaka kufika.

Tarehe 6 Mei, Jumapili. Nyumba hii ilikuwa na Simba wawili na Yanga mmoja, na Yanga huyo ndiye mwenye nyumba. Tukaifunga Yanga tano bila! Okwi mawili, halafu penalti tatu, ya Mafisango, ya Kaseja, ya Sunzu. Kipa wetu kaenda kupiga penalti akafunga, hebu fikiria dharau ile. Wewe ulikuwa na miaka 17 na huna adabu, ulimwekea baba yako sahani mezani ukampangia vijiko vitano. Alivitazama. Akala kwa mkono.

Kijiweni hakwenda tena. Siku ya kwanza kasema ana homa, ya pili miguu, ya tatu akaacha kutoa sababu. Kazini anapita njia ya nyuma. Kahawa nikawa namnunulia mimi na chupa, nikirudi ananiuliza kwa pembeni, "Bado wanacheka?" Nikamwambia wanacheka, sikuwa na sababu ya kumdanganya.

Tarehe 17, Alhamisi, siku 11 baada ya mechi, tumeamka na habari kwamba Patrick Mafisango amekufa. Ajali ya gari, jijini hapa hapa, usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtu wa watu, Mnyarwanda kwa timu ya taifa, mzaliwa wa Kongo, kiungo aliyekuwa anacheza kama anayetafuta kitu alichoangusha nyasini. Siku 11 tu zimepita tangu tumwimbe. Nilikuwa nakata suruali za shule nikaacha mkasi katikati ya kitambaa.

Baba yako alitoka chumbani amevaa kanzu. Hakusema anakwenda wapi. Nikamfuata kwa macho mpaka kona, nikamwona anakwenda kijiweni, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wanamsubiri siku zote hizo wamcheke. Wamekaa wazee wa Simba watupu, wameinama. Akawaamkia, akavua kofia, akakaa nao kwenye benchi. Muuza kahawa ndiye aliyenisimulia lililofuata. Kuna kijana asiye na haya akamuuliza, "Mzee, na wewe unamlilia? Si alikufungeni huyu?" Baba yako akamjibu, "Alinifunga mimi, ndiyo maana nina haki ya kumlilia."

Walikaa mpaka Alasiri. Tangu siku ile hakuna aliyemtajia tano. Mpaka anafariki, hakuna.

Mwanangu, mimi si mtu wa kufananisha vitu vikubwa na vidogo, lakini nimeshona miaka zaidi ya thelathini na nitakwambia kwa lugha ya kazi yangu. Mwanamke analeta kitambaa, nakata, nashona, analipa, anavaa siku ya harusi anapendeza mpaka wenye wivu wanakonda. Miaka mitano baadaye ndoa imevunjika. Sijawahi kuona mteja amerudi hapa na gauni lile anataka nimrudishie ushonaji. Siku ile alipendeza, na pesa yangu niliipata kwa siku ile. Makofi tuliyompigia Chama tuliyapiga kwa kazi aliyokuwa ameshaifanya. Sasa unamdai nini?

Au umeisahau tarehe 16 Machi 2019? Mimi sijaisahau kwa sababu nilikuwa sijawahi kuingia uwanja ule mkubwa tangu ujengwe. Ulikuja umevaa kofia ya karatasi, umeshika tiketi mbili za mzunguko na mfuko mweusi wa nailoni, ndani yake hiyo jezi uliyoikata. Timu yetu ilikuwa imeliwa tano Kinshasa na tano tena Misri, mechi mfululizo, na watani wakatuchapia mahesabu mitaani. Bado tukawafunga Al Ahly hapa moja, bao la Kagere, yule Mnyarwanda wa kuziba jicho moja kwa mkono akishangilia. Ikabaki AS Vita, hao wa Kinshasa. Tukishinda tunaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, vinginevyo basi. Wakatangulia wao. Tshabalala akasawazisha. Kisha dakika zikaanza kwenda kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Wewe dakika ya themanini uliketi chini ukafunika uso. Mimi ndiye niliyeona. Mpira ulipofika kwa Chama pale mbele sikumwona akihangaika. Wote wanahema, wote wanakimbia, yeye ni kama mtu aliyesimama kwenye foleni ya maji anajua zamu yake imefika. Akauweka wavuni, dakika ya 90. Nikakuvuta kola uinuke. Hukuinuka, ulinishika miguu, jitu zima na ndevu, unalia kwenye miguu ya mama yako mbele ya watu elfu sitini. Mzee mmoja asiyetujua akatukumbatia wote wawili, ananuka karanga. Hiyo ndiyo siku ambayo mkasi umepita katikati yake.

Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ameshawamaliza Nkana ya Zambia kwa kisigino dakika za mwisho. Hiyo ulikuwa unaiigiza hapa uani mpaka ukavunja mtungi wa maji.

Na nikuulize jambo. Mwaka 2021 alipouzwa Berkane, Morocco, ulisema nini? Ulisema ni balozi wetu, Mungu amtangulie. Luis Miquissone alipochukuliwa na Al Ahly mwaka huo huo ukasema tumekuza kipaji. Wamevuka jangwa la Sahara wote wawili ukawapa baraka. Chama karudi kwetu, sasa kavuka mitaa michache ya Kariakoo, kutoka Msimbazi mpaka Twiga na Jangwani, mwendo ambao hata bodaboda anaona aibu kukudai nauli, umemwita msaliti. Ni mwajiriwa, baba. Mkataba umekwisha. Wewe mwenyewe kampuni uliyoanza nayo siyo uliyo nayo leo, na ulipoondoka hukuomba ruhusa kwa mtu.

Usinielewe vibaya, limeniuma. Nisikudanganye. Siku ile mdogo wako aliponionyesha ile picha yake na jezi ya kijani nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwaka jana Novemba tumeliwa tano na hao hao, 5-1, na walioziweka, akina Maxi, Aziz Ki, Pacome, Musonda, nikisikia majina yao tumbo linakoroga. Sasa unakwenda kuwaongezea na fundi? Naona wivu mpaka kwenye kucha. Siku tukikutana nao nitamzomea kwa sauti yangu yote. Nitamzomea wa mwaka huu. Wa 2019 ni wangu.

Baba yako alikuwa hivyo kwa Haruna Niyonzima. Alimpenda yule Mnyarwanda tangu alipotua Jangwani mwaka 2011, akimwita Haruna wangu, kama mtoto wake wa kwanza vile, nikawa namuuliza mama wa huyu mtoto ni nani. Mwaka 2017 Haruna kaja kwetu. Nikangoja nione. Ikaja siku tunatazama mechi, Haruna kavaa nyekundu kapiga pasi moja ya kukata watu watatu, baba yako akapiga paja, "Unaona Haruna wangu!" Nikamwambia mbona wako yuko kwetu? Akasema, "Miguu iko kwenu." Alirudi Yanga Januari 2020. Baba yako akamkaribisha kama aliyekuwa ametoka sokoni.

Yeye hakumwona Mayele, yule mshambuliaji wa Yanga. Hilo huwa linanijia kila nikisikia tetema, ule mtindo wake wa kushangilia. Alifariki Ramadhani ya 2021, na Mayele akaja miezi michache baadaye. Kwa hiyo mwaka jana, Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mimi nilikaa sebuleni peke yangu nikamtazama Mayele kwa niaba yake. Wewe hukulijua hili, wala usiwaambie watu. Nilitoa skafu yake ya njano na kijani nikaiweka kwenye kiti. USM Alger wakashinda 2-1 hapa, bao letu, sikiliza nilivyosema, bao lao alifunga Mayele. Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0 na kombe wakalikosa kwa bao la ugenini. Mabao saba kwenye mashindano, mfungaji bora, halafu Misri wakamchukua. Wenzako wa Yanga wanalia mpaka leo na bado wakicheza tetema kwenye maharusi. Nimewashonea sare.

Wapo pia wale ambao hawakufunga chochote, na hao nawapenda kwa namna yao. Unawajua. Usajili wa usiku wa manane, watu wanakwenda uwanja wa ndege na ngoma na matarumbeta, mgeni anashuka haelewi lugha wala baridi haipo, anavishwa skafu, anabebwa juu juu. Video zake kila simu, anawapiga chenga watu wanne. Ligi inaanza, mara ana nyama za paja, mara vibali, mara yuko benchi, dirisha dogo likifunguliwa anapewa bango la asante na safari njema. Kijiweni hao wana sehemu yao maalumu, baada ya kikombe cha tatu. Anatajwa mmoja, watu wanacheka mpaka kahawa inawapalia, kisha mzee mmoja anasema kwa upole, "Lakini alikuwa na adabu." Na wote wanakubali, alikuwa na adabu.

Msimu huu tumeaga wengi. Bocco naye amemaliza, nahodha wetu tuliyekuwa naye tangu 2017, hakuna aliyemkatia jezi kwa sababu hakuvuka kwenda Jangwani. Ningependa ukae ufikirie hilo moja.

Sasa jezi. Vile vipande nilivifua kwa sabuni ya mche mara mbili, maji ya kwanza yalitoka meusi. Nikavianika kivulini. Jana baada ya Isha, wateja wamekwisha, nikaviunganisha. Nimejaribu uzi wa kila aina ya wekundu nilionao dukani, hakuna uliofanana, ile jezi imeshapauka kwa jua na wekundu wake hauuzwi. Nikachukua ulio karibu. Mkasi wako ulikwenda kombo, nimelazimika kuingiza kitambaa ndani kidogo kila upande, kwa hiyo imenibana mabegani na namba haziko sawa. Ile 7 imeshuka chini ya 1 kwa kama upana wa kidole. Mshono unaonekana kutoka mbali. Nimeutazama nikasema potelea mbali, fundi sijifichi.

Ipo kwenye msumari wa baba yako, karibu na skafu yake.

Simba Day mwezi ujao nitaivaa. Usiniletee mpya, maana nakujua utakavyotaka kusuluhisha. Ukiona aibu kukaa na mimi uwanjani kaa viti viwili mbele, sitakuita. Ila tiketi kata mbili, na za kivulini safari hii, magoti hayataki tena mzunguko wa jua.

Msalimie mkeo, na mjukuu wangu mpige busu. Mwambie bibi anamshonea kaptula.

Ni mimi mama yako anayekupenda.

Tena: dekio la nyumba hii lipo nyuma ya mlango wa uani, lilikuwapo siku zote. Siku nyingine uliza.